Unga wa Shaba

Kabla sijajua kuhesabu fedha nilijua hili:
tupa ikila katikati ya bamba, upande wa tumboni, sauti hushuka;
ikila ncha, sauti hupanda.
Baba alinifunza mwaka niliong'oka meno ya mbele,
katika karakana yetu mashariki ya Solo,
ambako nyundo huamka kabla ya jogoo.

Niligonga bamba moja nikasema, zuri.
Hapana, akasema. Sauti moja haina uzuri wala ubaya.
Ina kimo tu, kama mtoto aliyesimamishwa ukutani apimwe.
Mrefu kumshinda nani? Mfupi kwa nani?
Mlete nduguye, wasimame bega kwa bega,
ndipo uniambie.

Mwezi wa mvua Bi Kartinem na mumewe wakatuletea saroni,
imefungwa shuka, juu ya pikipiki ya kijana wao wa kazi.
Mabamba yalikuwa saba. Yamebaki sita.
La tano limeibwa.
Vyombo vingine vyote viliuzwa zamani kulipia mkopo wa shamba,
kwa hiyo hapakuwa na pa kuulizia.
Tuazime tano ya jirani? nikasema.
Baba akatikisa kichwa: kila seti ina tano yake;
tano ya watu humu ndani itakuwa mguu wa kulia
ndani ya kiatu cha kushoto.

Akafua bamba jipya, nene makusudi, likalia juu mno.
Sasa lishuke. Lishuke hadi wapi?
Bi Kartinem akaimba tano aikumbukayo.
Mumewe akaimba yake.
Zilikuwa tano mbili, na baina yao miaka thelathini ya ndoa;
chai ikapoa wakibishana.

Basi baba akaacha kuuliza.
Akapiga wimbo waliouzoea, ule wa kuwaaga wageni:
sita, tatu, mbili, tatu,
na penye tano nyundo ikashuka hewani tu, bila kugusa kitu.
Tena. Tena.
Hapo ndipo nilipoelewa mahadhi ni nini:
ni deni. Sauti moja inakopa,
inayofuata inalipa kidogo na kukopa zaidi,
na sikio, mdai asiye na haya, linakaa mlangoni likingoja.

Mara ya nne pengo likajibu.
Si Bi Kartinem. Si mumewe.
Giyanto, yule kijana wa pikipiki,
kachuchumaa kando ya gunia la makaa, macho kayafumba,
na kooni mwake mguno mmoja
ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Baba hakumuuliza kitu. Shikilia hapo, alisema tu.
Tupa, gonga. Tupa, gonga.
Shaba na koo zikagombana kwa mawimbi:
wa-wa-wa-wa,
kisha wa, wa, wa,
kisha waaa,
kisha wimbi likalala
na hatukujua tena ipi ni shaba, yupi ni mtu.

Jioni ya pili alirudi peke yake, na noti nne zilizolowa.
Aliliuza kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu,
apate tairi la mbele.
Njiani aliligonga mara moja tu, kwa ufunguo,
kuhakikisha kama ni shaba kweli.
Linalia mpaka leo, alisema. Hata nikiwasha pikipiki.
Baba akazihesabu noti. Hazikutosha.
Akamrudishia moja, ya petroli,
akaendelea na kazi.

Mimi nilikuwa na ufagio.
Chini ya benchi palitanda unga wa shaba, wa njano, mwepesi,
nikachuchumaa kuutazama kabla sijauzoa:
zilikuwa humo sauti zote za juu tulizozipita
tukishuka kuitafuta moja.
Nikazimimina kwenye kopo la maziwa, nikafunga kifuniko,
nikalitikisa sikioni.
Likasema shaaa,
bila kimo chochote.